Mtani Wangu Kondo na Viatu vya Baraza

Siku ya kwanza ya kazi yangu nilinyang'anywa nyama. Nawaambieni mapema ninyi vijana, kwa sababu kila mkinijia hapa kibarazani mnataka niwahadithie mizinga na magavana, na nikianza na mizinga nitakuwa nimewadanganya. Mizinga niliisikia kwa mbali. Nyama ilitoka kwenye sahani yangu mwenyewe.

Ilikuwa kambini Tabora, vita vya Hitler vimepamba moto, na Mwingereza anachukua vijana wa jeshi la Mfalme. Nilikuwa nimeingia asubuhi ile kwa treni kutoka Igalula, sijapata kuvaa kaptula yenye mkanda maishani. Tukapimwa vifua, tukachomwa sindano, tukanyolewa vipara, na jioni tukapanga mstari wa chakula. Nimekaa na ugali wangu na pande la nyama ambalo kwetu lingetosha wageni watatu, mara akaja askari mmoja mfupi, kichwa kikubwa, akanisimamia.

"Wewe kabila gani?"

"Mnyamwezi."

"Wa wapi?"

"Igalula."

"Lo! Kumbe mtumwa wangu!" Akainama, akalitwaa lile pande lote, akalitia mdomoni hivi hivi namwona. Alipomeza ndipo akajitambulisha. "Mimi Kondo, Mzaramo wa Kisarawe. Babu yako alipita kwetu na pembe ya ndovu begani, shingo imezama mpaka masikio yanagusana na mabega. Akanywa maji ya kisima chetu, akaondoka bila kuaga. Nyama yako tamu, lakini chumvi kidogo."

Ninyi mliozaliwa mjini utani mnaudhani ni mzaha wa kuchekesha wageni. Sivyo. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakichukua mizigo kwa mguu kutoka hapa Tabora mpaka Bagamoyo, na njiani walipita nchi za watu. Kwa wengine walipigana, kwa wengine waliuguzana na kuzikana, na hao wa kuzikana ndio waliokuja kuwa watani. Mtani wako anakutukana mbele ya mkweo. Anachukua kitu chako mchana kweupe. Huruhusiwi kukasirika, wala kwenda kushtaki, maana ukikasirika umeshindwa na ukishtaki umejivua utu. Unaloweza ni kumchukulia na wewe, au kungoja. Na siku ukifa, yeye ndiye anayesimama kaburini.

Basi sikukasirika. Niliinuka, nikamwuliza mtu kitanda cha Kondo kiko wapi, nikalichukua blanketi lake jipya la jeshi, nikajifunga kiunoni, nikarudi kumalizia ugali mkavu. Kondo alipoliona alicheka mpaka akakaa chini. Kelele zile zikamleta Sajini Meja, Mwingereza mwekundu ambaye Kiswahili chake alikiokota kwa wapishi.

"Ninyi napigana?"

"Hapana, afande," nikasema. "Tunataniana."

"Yeye nakula nyama yako?"

"Ndiyo, afande."

"Wewe nataka yeye nafungwa?"

"Hapana, afande! Ni mtani wangu."

Sajini Meja alitutazama mmoja mmoja, akaona hapa hapana kosa wala adabu, akatukimbiza wote wawili kuzunguka uwanja, blanketi tumelishika huku na huku juu ya vichwa. Tulikimbia tunatukaniana babu. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Walinipeleka stoo, chini ya mzungu aliyeitwa Kota Masta. Huyo ndiye bwana wa vifaa vyote, kuanzia sindano mpaka hema. Aliniuliza baba yangu ana kazi gani, nikamwambia anatengeneza ngozi, akanipa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea viatu, akaniweka kwenye meza ya buti mbovu. Alikuwa mzee mwenye kikohozi na maneno machache. "Maganga," aliniambia, "wakubwa wanasema vita ni bunduki. Uongo. Vita ni miguu. Bunduki askari anabeba tu." Chini yake nilijifunza kukata soli, kushona kwa uzi uliopakwa nta na kugonga kiatu juu ya kalibu, yaani mguu wa mti unaokipa kiatu umbo. Nilipandishwa cheo nikawa koplo wa buti. Kondo alipangwa hapo hapo kuwa mchukuzi wa stoo, akawa anaiba chai yangu kila siku.

Kisha wakatupeleka Burma. Sitawasimulia sana. Mvua ilinyesha mpaka buti zikaota ukungu ndani, na mimi nikashona mpaka vidole vikaota sugu. Ila jambo moja lazima mlijue. Homa ilinishika tukiwa safarini porini, miguu ikakataa, na machela zote zilikuwa na majeruhi. Kondo akaniinamia, akanipandisha mgongoni, akanivusha tope na vijito mpaka kwenye hema la daktari. Njia nzima hakunyamaza. "Jamani njooni mwone! Mpagazi anapagazwa! Babu yake alibeba ndovu, yeye habebi hata makalio yake! Mnyamwezi gani huyu, mzito hivi, amekula nini na nyama nilikula mimi!" Askari waliokuwa wakilia kwa uchovu walikuwa wakicheka. Nilitaka nimjibu, meno yakawa yanagongana tu. Nilipopona nilimwambia, "Siku yangu ipo, mwana wa Kisarawe." Akasema, "Utakuwa umenenepa zaidi, utanibeba wapi?"

Niliishi kwa sababu ya mgongo wa yule mtu.

Vita vilipokwisha tukarudishwa kwetu kila mtu na nguo moja ya kiraia na ahadi nyingi. Kondo akaenda pwani. Mimi nikapanga chumba Tabora karibu na stesheni, nikatafuta matairi ya malori yaliyochakaa, nikaanza kukata makatambuga. Hivyo ni viatu vya mpira wa tairi, soli moja na mikanda, havijui mwiba wala tope. Wenzangu waliotoka vitani walinicheka. Koplo mzima anauza makatambuga! Lakini mimi nilikuwa mjukuu wa wapagazi na mwanafunzi wa Kota Masta, miguu ya watu wangu naijua. Nilipeleka mzigo Urambo kwa wakulima, nikapeleka Bukene siku za mnada, nikafungua meza Igalula penye kushukia abiria. Baada ya miaka michache nilikuwa na mafundi, nina duka la mbele lenye kioo, na kwa wateja wakubwa nashona viatu vya ngozi vya kufunga kamba. Mguuni mwangu sikuvaa tena katambuga. Mtu akishapata duka lenye kioo anakuwa na maringo yake.

Hapo ndipo Bwana DC, mkuu wa wilaya, alipoingia dukani kubadilisha kisigino. Akakaa kwenye kigoda mguu mmoja na soksi, tukazungumza.

"Maganga, vijana wanataka soko lihamishwe. Wewe unaonaje?"

"Libaki lilipo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndipo lilipo."

"Na hizi taa wanazotaka barabarani?"

"Bwana DC, mtu mwema jioni yuko kwake. Taa za nini?"

Alifurahi mno. Hakuna kitu Mwingereza alikipenda kama mwafrika mwenye suti asiyetaka lolote libadilike. Akaniweka kwenye baraza la mji. Hapo nilipinga soko kuhamishwa, nilipinga taa, nikapinga chai ya saa nne kwa wajumbe, ingawa hiyo nilishindwa nikainywa. Bwana PC, mkuu wa jimbo zima, akasikia sifa zangu. Alikuwa mrefu, msemaji wa polepole. Aliniita, akanitazama kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Mheshimiwa Gavana anatafuta mtu imara wa huku kwenu." Nikanyoosha mgongo. Hivyo ndivyo fundi wa makatambuga alivyoteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam. Msiniulize nani alinipigia kura. Siku hizo kura ilikuwa moja, na mwenyewe alikuwa Gavana.

Nikashuka stesheni ya Dar es Salaam na sanduku langu, nikaenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa Baraza, na mlangoni nikamkuta nani? Kondo! Kavaa kanzu nyeupe na kizibao chekundu cha serikali, kifua kimejaa medali za vita. Alikuwa bawabu wa Baraza. Yeye ndiye anayefungua mlango, anayepokea kofia na miavuli, na anayemzuia asiyestahili kuingia.

"Shikamoo, mheshimiwa," akasema kwa sauti ya heshima, maana wazungu walikuwa wanapita. Walipopita tu akanong'ona, "Mtumwa wangu, nani kakuokota?" Akauchukua mwavuli wangu, na mwavuli ule sikuuona tena.

Kazi ya mjumbe, kwa wasioijua, ni hivi. Sheria ikiwa bado mbichi huitwa mswada. Husomwa mara ya kwanza kwa jina tu, mara ya pili watu wanabishana, ikipelekwa kamatini inachambuliwa, ndipo irudi kupitishwa. Mimi nilisema Kiswahili na mkalimani akanitafsiri, na kwa kuwa karibu kila mara nilisema hapana, mkalimani alinipenda. Hoja niliyoileta mwenyewe ilikuwa moja. Mjumbe mmoja wa kutoka pande za ziwa alikuja barazani amevaa makatambuga. Nilisimama kwa hasira. "Bwana Spika, ukumbi huu si mnadani! Na makatambuga yale nayajua, ameyanunua kwangu!" Baraza likaangua kicheko, lakini hoja ikapita, ikaingia kwenye kanuni zetu kwamba mjumbe hataingia ukumbini bila viatu vya ngozi vilivyofunika vidole. Kondo akaagizwa ailinde kanuni hiyo mlangoni. Biashara yangu ya viatu vya ngozi ikaongezeka, lakini hilo halikuwa shabaha, nawaapia.

Sasa sikilizeni. Bukene kulikuwa na msiba, na mtani wa marehemu, Mgogo mmoja, akachukua mbuzi wa wafiwa kama ilivyo haki yake, akamfunga kamba, anacheza naye kaburini. Akapita polisi mgeni asiyejua mila. Mgogo akakamatwa kwa wizi, wafiwa wakalia kwamba mtani wao anaonewa, na hakimu, naye mgeni, akamfunga. Habari ikafika kwa mjumbe mwenzetu wa Baraza, mzungu mwenye mashamba ya mkonge. Yeye akaona dawa ni sheria. Akaleta mswada kwamba mtu yeyote atakayechukua mali ya mwingine kwa kisingizio cha utani ni mwizi, hata kama mwenye mali hakushtaki, na afungwe.

Niliposikia nilikosa usingizi. Mswada ule ukipita, kila msiba kutoka Tabora mpaka pwani ungeishia lokapu. Nani angethubutu kumzika mwenzake? Mgogo wa Bukene angebaki mwizi maisha yake yote. Na mimi, mtu wa mila, niliyeteuliwa kuyalinda ya zamani, kama nisingeliweza kuulinda utani, basi nilikuwa nakalia kiti cha Gavana bure. Nikajiandalia hotuba. Nikashona viatu vipya kwa ajili ya siku ile, ngozi ya ndama, vyeusi, kisigino cha tabaka tatu. Vilikuwa viatu bora nilivyopata kushona kwa mkono wangu.

Siku ya kusomwa mara ya pili mvua ilinyesha Dar es Salaam asubuhi nzima. Nilifika mlangoni viatu vina tope. Kondo akaniinamia kwa adabu.

"Mheshimiwa, zulia la Baraza jipya. Nipe nikufutie."

Nikavivua, nikampa. Msinitazame hivyo. Kichwa changu kilikuwa kwenye hotuba. Kondo akavifuta vizuri, akavipuliza, akavitazama, akavua vyake, akavivaa vyangu. Akapiga hatua mbili tatu.

"Vimenikaa," akasema.

"Kondo, si leo."

"Ahsante, mtumwa wangu. Umejitahidi kushona."

"Kondo! Mswada unasomwa sasa hivi!"

"Nasikia kengele. Ingia basi." Nikapiga hatua, akanyoosha mkono kunizuia. "Ah, ah! Mheshimiwa hana viatu. Kanuni."

Nikaomba anipe vile vyake alivyovua. Akavitupa nje mvuani kwenye mtaro, nikaviona vinaelea vinaondoka. Damu ilinipanda. Nilitaka kumkaba. Lakini nikikasirika, nimeshindwa. Pale mlangoni amesimama inspekta wa polisi, mzungu kijana, ametuona tangu mwanzo.

"Mheshimiwa," akauliza, "huyu mtu ameiba viatu vyako?"

Neno moja tu kutoka kwangu, Kondo angekwenda na pingu, kazi imekwisha, na medali zake zisingemsaidia. Na mswada ungepita kabla sijaketi. Kondo alinitazama. Hakukonyeza, hakutabasamu. Alingoja tu, mikono nyuma, viatu vyangu vinang'aa miguuni mwake.

"Hapana," nikasema.

"Umempa?"

"Sikumpa."

"Basi unavitaka?"

"Navitaka mno!"

"Mwambie arudishe."

"Siwezi. Atakuwa ameshinda."

Yule kijana alivua kofia akajikuna. Kelele zetu zikafika ndani, na Bwana Spika, mzee mwenye wigi na macho makali, akauliza mlangoni kuna nini na kwa nini mjumbe wa Tabora haingii. Mkalimani akatoka, akaniangalia miguu, akarudi ndani. Sijui alieleza vipi. Nilisikia tu Bwana Spika akitoa uamuzi wake kwa sauti ya kanisani. "Kanuni ya viatu iliombwa na mjumbe wa Tabora mwenyewe. Hawezi kuingia. Lakini kanuni haisemi hawezi kuzungumza. Milango ifunguliwe yote miwili. Mjumbe atahutubia kutoka hapo alipo."

Basi nikahutubia mlangoni, jamani. Vidole vyangu kumi vimefika ukingoni mwa zulia, mgongo wangu unanyeshewa rasharasha, na kushoto kwangu Kondo amesimama wima kama siku za gwaride. Hotuba niliyoiandaa ilinipotea yote. Nikaanza na lililokuwepo.

"Bwana Spika, viatu vyangu hivi hapa. Amevivaa huyu."

Wakacheka. Yule mjumbe wa mkonge akainuka. "Kwa hiyo mheshimiwa ameibiwa?"

"Mheshimiwa, mwizi anakimbia. Huyu ameondoka?"

"Ni mwizi mzembe."

"Mwizi humchukulia asiyemjua. Huyu ananijua mpaka jina la babu yangu, na amelitukana leo asubuhi."

"Babu yake alikuwa na shingo fupi, Bwana Spika," Kondo akadakia, na Bwana Spika akagonga meza kumwambia bawabu si mjumbe. Mkalimani alikuwa ameshika mbavu, tafsiri inamtoka vipande vipande. Hapo nikawasimulia nyama. Nikawasimulia blanketi na Sajini Meja. Halafu, sikutaka lakini nilishaanza, nikawasimulia Burma. Nikawaambia mtu huyu aliyevaa viatu vyangu alinichukua mgongoni wakati jeshi zima halikuwa na machela ya kunichukua. "Na tangu siku ile nilipokula naye sahani moja," nikasema, "hajapata kuniomba kitu. Anachukua. Na mimi siku nilipokuwa nakufa sikumwomba kitu. Alinichukua. Sasa niambieni, mkimfunga kwa lile la kwanza, lile la pili atalifanya nani?"

Mjumbe wa mkonge alibaki kasimama, akatafuta pa kunishika. "Lakini viatu ni mali yako. Utavipata lini?"

"Siku ya kumzika," nikajibu. "Mtani akifa ninaweza kumdai mbele ya watu wake wote. Nitalala kaburini mwake, nisitoke mpaka niletewe viatu vyangu."

"Na ukitangulia kufa wewe?"

Kondo akasahau kwamba si mjumbe. "Nitakuja kumzika nimevivaa!"

Ukumbi ulipasuka. Hata Gavana aliyekuwa kwenye kiti cha wageni niliona masharubu yanatikisika. Mswada ulipelekwa kamatini ukachambuliwe, na huko ukalala, haukurudi tena. Yule Mgogo wa Bukene alifunguliwa, nikaambiwa alikwenda moja kwa moja kwa wafiwa kumchukua yule mbuzi. Mimi nilirudi nyumbani nilikofikia kwa miguu mitupu, katikati ya mji, na suti yangu na tai, watoto wa Kariakoo wananifuata. Nilipompitia Kondo mlangoni nilimwuliza kwa nini alinifanyia vile, tena siku ile kati ya siku zote. Akasema, "Vilinipendeza." Nimewaza miaka mingi kama alikuwa na hila nyingine. Jibu lake lilibaki lile lile.

Mengine ya Baraza si ya kuhadithia. Uchaguzi wa kura za watu ulipokuja, vijana wenye maneno moto walishinda, wakaniambia mzee pumzika. Nikapumzika. Soko wakalihamisha, taa wakaziweka. Mojawapo iko mbele ya mlango wangu, na siku hizi macho yamepungua, nashukuru ipo. Lakini msiende kusema nimesema.

Bendera ilikuwa bado ya Mwingereza nilipopata habari kwamba Kondo amefariki. Nilipanda treni siku ile ile, nimevaa makatambuga. Njia nzima kutoka Tabora mpaka pwani nilikuwa nalia kama mtoto, abiria wakanipa pole, nikawaambia ni vumbi. Nilipokaribia kwao Kisarawe nikanawa uso. Mtani haji msibani kulia.

Nilipoona watu wamejaa nikaanza tangu mbali. "Yuko wapi mwizi? Kafa kukwepa kunilipa! Mwamsheni, mwambieni bwana wake amekuja!" Wanawake waliokuwa wakilia wakashika vinywa, kisha wakaanza kucheka na machozi yao. Waliponyanyua jeneza nikawasukuma vijana, nikaingiza bega langu mbele kabisa. "Jamani njooni mwone!" nikapaza sauti. "Mzaramo anapagazwa! Alisema nitanenepa nishindwe kumbeba! Mzito hivi, ni nyama yangu hii aliyokula Tabora!" Na nilimbeba mpaka kaburini, sikumwachia mtu zamu yangu.

Pale nikatimiza ahadi niliyoitoa mbele ya Baraza. Nikashuka kaburini, nikalala. "Simpishi. Viatu vyangu."

Akajitokeza binti yake mkubwa, Mwanaidi, macho mekundu, kichwa kikubwa cha baba yake. Mkononi ana kitu amekifunga kwa kitambaa. Akakifungua. Kilikuwa kiatu changu cha kulia, cheusi, kimepakwa rangi kinang'aa, soli haina hata mkwaruzo. Tangu siku ile ya mvua Kondo hakukivaa tena.

"Shikamoo, mtumwa wetu," akasema.

"Marahaba. Cha kushoto kiko wapi?"

"Baba kaacha wasia. Kasema kimoja tukupe leo utoke humo shimoni, usije ukamchafulia sanda bure. Cha pili hatukupi." Akakikunja kile kitambaa. "Kasema cha pili tutakuletea wenyewe Tabora, siku yako. Hata kama yeye hayupo, wanawe tupo."

Nilitoka kaburini nimekumbatia kiatu kimoja. Nilitaka kumjibu binti yule kwa tusi zuri, nimejiandaa nalo tangu Morogoro, likanigomea. Nikalia pale pale mbele ya watu wote, mtani mzima. Watu wa Kisarawe walinicheka sana, na walikuwa na haki.

Kiatu ndicho kile mnachokiona rafuni, karibu na medali. Wageni hudhani nilipoteza mguu vitani. Nakipaka rangi kila Jumamosi. Nimeshakuwa askari, fundi, tajiri wa makatambuga na mheshimiwa, na katika vyote hivyo sasa nangoja kitu kimoja. Kwa hiyo wanangu, siku yangu ikifika, msimsikilize mchungaji akisema jua linazama. Treni ya pwani ikichelewa, ngojeni. Akija mwanamke mwenye kichwa kikubwa anatukana kuanzia stesheni, mpisheni njia, na akilala kaburini mwangu msimwinue. Msinizike na mguu mmoja wazi.